Fimbo ya Mbali: Uchambuzi wa Hitilafu katika Usanidi Otomatiki wa Seva za Linux

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuwabishia. Lakini msimamizi wa mifumo wa zama zetu, ameketi penye kiti chake na kikombe cha kahawa mkononi, huandika mistari michache katika faili moja, akabonyeza kitufe, na seva mia mbili zilizomo katika jumba ambalo hajapata kulitia mguu zikabadilika kwa mpigo mmoja kama jamaa ya waumini wanaomfuata imamu. Siku fimbo hiyo ipigapo sawasawa hakuna anayeitaja. Siku ikosapo, methali ile hurudi kudai deni lake. Uchambuzi huu ni wa siku hiyo ya pili, na swali lake ni moja: mtambo wa usanidi unapotoa habari kwamba kazi imekwisha salama, ilhali huduma imelala chali, au unaposema kazi imeshindwa, ilhali hakuna kilichoharibika, aaminiwe nani, na kwa kadiri gani? Rai yangu ni kwamba ripoti ya mtambo ni ushahidi tu, na hukumu haijatoka bado. Fundi hodari ni kadhi, na kazi yake ya kwanza ni kumwuliza kila shahidi alisimama wapi na macho yake yalifika wapi.

Fani yenyewe si ya kale. Linus Torvalds aliitangaza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na miaka miwili baadaye, mwaka 1993, Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, aliunda CFEngine ili apumzike na taabu ya kutunza kwa mkono kompyuta za namna mbalimbali. Baada yake alikuja Luke Kanies na Puppet mwaka 2005, Adam Jacob na wenzake na Chef mwaka 2009, Thomas Hatch na Salt mwaka 2011, na Michael DeHaan na Ansible mwaka 2012, ambayo kampuni ya Red Hat iliinunua mwaka 2015. Zana hizi zimetofautiana kwa lugha na kwa tabia, walakini zimekutana katika wazo moja adhimu: msimamizi hueleza hali anayoitaka, na njia ya kuifikia huachiwa mtambo. Hasemi mstari fulani uongezwe katika faili, husema mstari huo uwemo. Ukiwa umo tayari, mtambo haugusi kitu. Mfano wake ni mwenye udhu, ambaye akiitwa kwenye sala hatawadhi tena maadamu udhu wake haujatenguka, wala kuitwa mara tatu hakumwongezei udhu juu ya udhu.

Ndani ya uzuri huo ndimo ulimo mzizi wa hitilafu nyingi. Ili mtambo ujue kuwa udhu haujatenguka, sharti uangalie, na kila jicho lina upeo wake. Jicho hili huona faili lakini halioni yaliyomo katika kumbukumbu ya programu inayoendelea. Huona kuwa kifurushi kimewekwa, lisijue kama kinafaa. Huona kuwa huduma imewashwa, lisijue kama inajibu. Kwa hiyo, tukitaka kuzipanga hitilafu kwa utaratibu, afadhali tuifuate safari ya amri tangu inapotoka mkononi mwa mwandishi hadi inapozaa athari, tukiuliza katika kila kituo ni nini kinachoweza kupotea. Vituo ni vinne: njia, idhini, maandishi na athari, na nje ya vyote kuna ulimwengu, ambao haukomi kugeuka.

Kituo cha njia ndicho chepesi kukijua, ijapokuwa hula asubuhi nyingi za watu. Ansible haina wakala akaaye ndani ya seva. Huingia kwa SSH, kwa kawaida katika mlango wa 22, ikaleta vijiprogramu vya Python, ikaviendesha, ikaenda zake. Wakala wa Puppet hukaa ndani ya seva, na kila baada ya dakika 30, asipoamriwa vinginevyo, humwendea bwana wake katika mlango wa 8140 kuuliza maagizo. Kwa Salt, bwana husikiliza katika milango ya 4505 na 4506, na watumishi ndio wanaopiga hodi. Mwenye kujua nani humpigia hodi nani hatapoteza saa zake akichunguza kinga ya mtandao ya upande usiohusika. Kadhalika hatachanganya seva isiyofikiwa na kazi iliyoshindwa, mambo ambayo Ansible huyahesabu mbalimbali katika muhtasari wake wa mwisho: la kwanza lina maana kuwa mjumbe hakuupita mlango, na la pili kuwa aliupita akakwama ndani.

Sababu za kukosa mlango ni chache na zajulikana. Seva imejengwa upya kwa anwani ileile, ikapata ufunguo mpya wa kujitambulisha, na SSH, ambayo ina kumbukumbu ya ufunguo wa zamani, ikakataa kuzungumza na mtu aliyevaa jina la rafiki kwa sura ngeni. Au saa ya seva imerudi nyuma, na kwa kuwa Puppet hutambulishana kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma, cheti kilichotolewa leo asubuhi huonekana bado hakijazaliwa. Dawa ya uchunguzi ni kuingia kwa mkono, kwa sharti ambalo wengi hulisahau: kuingia huko kufanyike kutoka kompyuta ileile inayotuma amri na kwa jina lilelile linalotumiwa na mtambo. Msimamizi anayejaribu kutoka kompyuta yake ya mapajani, kwa ufunguo wake mwenyewe, huthibitisha kuwa yeye anaweza kuingia. Na hilo halikuwa swali.

Kituo cha pili, idhini, kina hila zaidi, kwa sababu kukataliwa hapa huweza kutoka kwa mabawabu wengi. Mtumiaji wa mtambo huenda hana ruhusa ya sudo, au anayo lakini anadaiwa nenosiri ambalo hakuna mtu aliyepo wa kuliandika. Tena mjumbe anapoingia kwa SSH bila ya mtu kuketi mbele ya kioo, maganda ya amri aghalabu hayasomi faili za maandalizi ambazo humpokea binadamu, na hivyo orodha ya mahali pa kutafutia programu huwa fupi. Amri inayopatikana upesi kwa mtu humpotea mtambo, na hapo ndipo huzaliwa ule ubishi usiokwisha wa "mbona kwangu inafanya kazi". Inafanya kazi kwako kwa kuwa wewe umeingia na mizigo yako.

Bawabu mwenye kutia fadhaa kuliko wote ni SELinux, ulinzi uliotolewa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2000 na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003. Bawabu huyu hatosheki na ruhusa za kawaida za faili. Kila faili na kila programu ina lebo, na lebo zisipopatana mlango haufunguki, hata kama ruhusa zote zimeandikwa sawa. Faili iliyohamishwa kutoka saraka ya mtu binafsi huchukua lebo yake ya zamani hadi saraka ya tovuti, ilhali faili iliyonakiliwa hupewa lebo ya mahali pake papya. Kwa macho ni mapacha, na kwa bawabu mmoja ni mwenyeji na mwingine mgeni asiye na barua. Ushahidi wa kukataa huko umo katika kumbukumbu za ukaguzi, ndani ya saraka ya /var/log/audit, na tiba yake huwa ni kuirejesha lebo inayostahili. Walakini wengi hukata shauri la kumfukuza bawabu moja kwa moja, jambo ambalo ni sawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa kuwa ufunguo umeanguka sakafuni.

Tukifika kwenye maandishi, tunakutana na kinyume cha mambo: mtambo unatii kwa ukamilifu, na utiifu ndio msiba. Zana kadhaa husoma maagizo yaliyoandikwa kwa YAML, lugha iliyokusudiwa kumpendeza binadamu kwa kumpunguzia alama, nayo ikampa mitego badala yake. Katika toleo lake la 1.1, ambalo Ansible bado inalifuata kupitia msomaji wake wa Python, herufi mbili NO zisizotiwa katika alama za kunukuu hufahamika kuwa ni ukanusho wa kimantiki. Basi anayeorodhesha nchi kwa vifupisho vyake huikuta Norwei imegeuka kuwa "si kweli". Ni kejeli ya aina yake kwamba nchi ambamo fani hii ilizaliwa haiwezi kutajwa kwa kifupisho chake bila ya kuvalishwa nukuu. Toleo la 1.2, la mwaka 2009, liliufuta mtego huo, lakini mazoea ya programu hayafutiki kwa kalamu moja.

Mtego mwingine unafaa kutazamwa kwa makini, maana unafundisha zaidi ya wenyewe. Ruhusa za faili katika Linux huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, na ruhusa ya kawaida ya faili ya usanidi ni 0644: mwenyewe asome na kuandika, wengine wasome tu. Mwandishi akiisahau sifuri ya mbele na alama za kunukuu, akaandika 644 peke yake, mtambo huipokea kama mia sita arubaini na nne ya hesabu yetu ya sokoni, ambayo ikigeuzwa kwa msingi wa nane ni 1204. Hapo mwenye faili hupata ruhusa ya kuandika bila ya kusoma, kundi lake hunyimwa yote, na watu baki hupewa kusoma. Nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuingiza vyombo lakini haruhusiwi kuvitazama, na mpita njia anavitazama apendavyo. Mara ya kwanza mtambo husema umebadilisha, mara ya pili husema hali ni sawa, na katika mara zote mbili haukusema uongo. Shahidi huyu ni mwaminifu. Ila aliulizwa swali lisilokuwa ndilo.

Kuna tena suala la thamani zinazobadilika, ambazo huweza kutajwa katika faili za kundi, za seva moja moja, za jukumu na penginepo. Maelezo rasmi ya Ansible yanataja ngazi 22 za kutangulizana, ya juu kabisa ikiwa ni thamani iliyoandikwa pamoja na amri yenyewe. Fundi anayesahihisha thamani katika ngazi ya chini, huku ngazi ya juu inaishinda, atasahihisha mpaka usiku na asione tofauti. Dawa ni kuuomba mtambo uitamke thamani uliyoishika kwa seva ile, kabla ya kubishana na faili yoyote.

Sasa tufike kwenye athari, kituo ambacho, kwa maoni yangu, kimewadhili mafundi wengi wazuri. Tuchukue kisa ambacho kila mwenye kuitumia Ansible kwa muda atakifahamu. Hati ya maagizo inaweka faili mpya ya usanidi wa Nginx, na kwa kuwa faili imebadilika, inaiarifu kazi ya kungojea, ambayo mafundi huiita hendla, iiwashe upya huduma mwishoni mwa zamu. Kabla mwisho haujafika, kazi nyingine isiyohusiana, mathalan kupakua kifurushi kutoka ghala lililolala, inashindwa. Mtambo unaiacha seva ile pale pale, na hendla haiitwi. Fundi anasahihisha ghala, anarudia hati yote, na sasa kila kitu ni kijani: mtambo unaitazama faili ya Nginx, unaiona iko kama inavyotakiwa, hausemi umebadilisha, na maadamu hakuna mabadiliko hakuna wa kuiarifu hendla. Faili ni mpya, programu iliyomo katika kumbukumbu ni ya zamani, na ripoti haina doa.

Hali hii yaweza kukaa wiki au miezi. Siku seva itakapowashwa upya kwa sababu nyingine kabisa, Nginx itaisoma faili ile kwa mara ya kwanza, na kama ndani yake mna kosa, huduma haitainuka. Watu watauliza nini kimebadilika leo, na jibu la kweli litakuwa kwamba leo hakuna. Kilichobadilika kilibadilika zamani, kikakaa kimya kama kaa la moto chini ya majivu. Tiba zipo: kuuagiza mtambo uziite hendla hata zamu ikivunjika, au kuziita mara tu baada ya kazi iliyoziamsha, kuikagua faili kabla ya kuiweka mahali pake, kwa kuwa Nginx ina amri yake ya kujikagua na faili ya sudo ina visudo, na zaidi ya yote, kuongeza kazi inayoibishia hodi huduma yenyewe na kungoja jibu. Lakini fundi asiyejua kwamba neno "sawa" linaihusu faili, wala haliihusu Nginx, hatajua hata mahali pa kuanzia.

Ulimwengu wa nje nao hauna subira. CentOS 7 ilifikia ukomo wake tarehe 30 Juni 2024, vifurushi vyake vikahamishiwa ghala la kumbukumbu, na maagizo ambayo yalikuwa yakifanya kazi kwa miaka yakaanza kushindwa bila ya mtu kuyagusa. Mwaka huo huo, toleo la 2.17 la kiini cha Ansible liliacha kuhudumia seva zenye Python 3.6, ambayo ndiyo Python ya asili ya Red Hat Enterprise Linux 8. Basi fundi aliyeisasisha kompyuta yake ya kutuma amri alizikuta seva zake zimekuwa mabubu, ilhali hakuna hata moja iliyoguswa. Kuna na hitilafu za kuja na kwenda, kama pale ambapo Ubuntu inajisasisha yenyewe na kulishika kufuli la vifurushi dakika ileile mtambo unapolihitaji: watumishi wawili, ufunguo mmoja. Ukirudia baada ya robo saa, yote ni salama, na kishawishi cha kusema "imejitengeneza" ni kikubwa. Lakini hitilafu iliyojiondokea bila ya kujulikana sababu yake imekwenda matembezi tu.

Yapo pia madhara tunayoyaleta wenyewe kwa mikono yetu. Msimamizi aliyeamshwa usiku wa manane huingia katika seva moja, akarekebisha mstari mmoja, akarudi kulala. Akiwa anatumia Puppet, wakala atakuja ndani ya nusu saa na kuufuta ukarabati ule kwa nia njema kabisa, na hitilafu itarudi kwa mpigo wa saa kama jini mwenye miadi. Akiwa anatumia Ansible, ambayo haiendi isipotumwa, ukarabati utadumu mpaka siku zamu itakapoitwa tena, pengine na mtu mwingine asiyekuwa na habari za usiku ule. Kwa hiyo kanuni ya wenye uzoefu ni kali na ya haki: mkono unaweza kuzima moto, lakini ukarabati haujakuwapo mpaka umeandikwa katika maagizo.

Wako wanaotoa hoja kwamba taabu zote hizi ni ushahidi dhidi ya mitambo, na kuwa heri kurudi katika kazi ya mkono. Historia haiwaungi mkono. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika muda wa dakika 45 hivi, kwa kuwa programu mpya ilinakiliwa katika seva saba kati ya nane, na ile ya nane ikabaki na programu ya zamani ambayo agizo jipya liliiamsha kutoka usingizini. Hapo ulikosekana mtambo wa kuhakikisha kwamba wanane ni wanane. Lakini mitambo nayo haina haki ya kujisifu: tarehe 28 Februari 2017, mtaalamu wa Amazon aliyekuwa akiuchunguza ulegevu wa mfumo wa hesabu za malipo wa S3 alikosea kuandika amri, chombo kikaondoa seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na tovuti nyingi zikapooza kwa saa kadhaa. Amazon haikukitupa chombo kile. Ilikipunguzia kasi na kukitia kizuizi kisishuke chini ya kiwango cha salama. Mkono husahau mmoja kati ya wanane. Mtambo hauwasahau, hata katika kosa.

Kutokana na hayo utaratibu wa uchunguzi hujipanga wenyewe. Seva moja itengwe, maana hitilafu katika seva mia ni kelele, na katika seva moja ni maneno. Lisomwe kosa la kwanza, kwa kuwa yanayofuata aghalabu ni watoto wake. Sauti ya mtambo iongezwe ili useme kila ulichofanya, kisha ifanywe zamu ya majaribio inayoonyesha tofauti bila ya kubadilisha kitu, kwa kukumbuka kuwa zamu hiyo haiwezi kuiona kazi inayotegemea matokeo ya kazi iliyoitangulia, wala kubashiri matokeo ya amri huria za ganda. Kisha seva mgonjwa ilinganishwe na nduguye mzima: matoleo, lebo, saa, thamani zilizoshikwa. Na mwisho iulizwe huduma, kwa mlango uleule anaoutumia mteja.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inakuja baada ya rangi ya kijani, na rangi ya kijani inafariji. Lakini turejee kwa wahenga tuliowaanza nao. Fimbo ya mbali, tukiri, siku hizi inaua nyoka, na inaua wengi kwa mpigo mmoja; ila haijapata uwezo wa kujua kama aliyelala ni nyoka aliyekufa au ni kamba. Kwa hiyo kila hati ya maagizo iliyoandikwa vyema huwa na mstari mmoja wa mwisho usiobadilisha kitu chochote katika seva, mstari unaotembea hadi pale fimbo ilipoangukia, ukainama, ukatazama.